Sufuria Yenye Ribiti

Baba mdogo Chilongola hakuwahi kupanda ndege.
Nalisema mapema, mtu asije akaniuliza mwishoni.
Alikuwa fundi baiskeli, Kongwa, karibu na mnada,
vidole vyeusi kwa grisi hata siku ya Pasaka,
na nyuma ya duka, kwenye kamba ya kuanikia,
zilining'inia ndege tisa, zote ndege moja.

Ndege moja: ile ya mbawa mbili, bawa juu ya bawa,
iliyotua siku moja kwenye kiwanja cha karanga
enzi za Mwingereza, ikavunja mguu, isiruke tena.
Yeye hakuiona. Alizaliwa mvua mbili baadaye.
Mbawa zilikuwa turubai, mchwa wakazimaliza;
kifua kilikuwa bati jepesi,
wahunzi wakakikata kwa patasi, wakakifua,
na Kongwa nzima ikasonga ugali ndani ya ndege.

Kwa hiyo Jumamosi tulizunguka, mimi nimeshika futi kamba.
"Hodi mama, samahani, tunaomba kuona sufuria."
Wengine walidhani ni watu wa afya, wakakimbilia kusugua.
Wengine walidhani ni kodi, wakazisukuma uvunguni.
Akikuta mstari wa ribiti alipiga magoti,
akazihesabu kwa ncha ya ukucha,
akaandika kwenye daftari la madeni ya spoku:
*ribiti hadi ribiti, upana wa kidole gumba.*

Nyumbani kila ribiti ikawa tone la gundi,
tone kwa ncha ya sindano, mia nne ubavu mmoja,
juu ya mabua ya mtama yaliyokaushwa miezi mitatu.
Uwele haufai, alisema, bua lake lina tamaa ya kupinda.
Waya aliutoa kwenye mizabibu ya shangazi, Mpunguzi,
na shangazi hadi leo hajui kwa nini safu ile ililala.

Rangi alipaka ya fedha.
Sufuria ni za fedha, basi na ndege ilikuwa ya fedha.
Nani angebisha?

Alibisha Bi Sechelela wa Ibwaga.
Sufuria yake ilikuwa na nusu ya herufi ubavuni,
kitu kama G, au mwezi mchanga ulioliwa na kutu.
Baba mdogo alitaja bei. Akaipandisha. Akataja baiskeli.
"Siuzi. Humu mlenda haushiki chini."
Kisha akaichukua ndege ya tisa, akaigeuza, akaipuliza vumbi.
"Umekosea. Ilikuwa njano."

Njano?

"Njano, kama kiini cha yai la kanga. Nilikuwa na miaka saba,
niko kwenye mtama wa baba nafukuza ndege,
ndege hawa wa Mungu, kwelea,
mara ikaja hiyo, kubwa, inakohoa.
Mimi nimeambiwa nifukuze ndege.
Nikairushia jiwe kwa kombeo.
Labda nililikosa. Ilikwenda ikatua pale, mguu ukavunjika.
Sijamwambia mtu."

Moto ulilia chini ya sufuria.
Baba mdogo alifungua daftari, akalamba penseli.
*Rangi: njano.*
Akashuka mstari. *Sababu ya ajali:*
Akamtazama yule mama kwa muda mrefu,
akafunga daftari.

Ndege ya kumi tuliirusha kwenye kiwanja kilekile,
mbuzi wamekaa katikati kana kwamba wamekikodi.
Mpira wa tyubu, mizunguko mia na ishirini.
Upepo wa Julai ulikuwa unatoka Mpwapwa, mkavu, umenyooka.
Ilikwenda hatua sitini na mbili, nilizihesabu nikikimbia,
njano, ikitetemeka, bawa juu ya bawa,
ikapita juu ya Bi Sechelela aliyekuja bila kualikwa.

Mkononi alikuwa na jiwe.
Aliifuata kwa macho hadi ikagusa nyasi, mguu mzima,
kisha akalifunga jiwe kwenye pindo la khanga,
pamoja na sarafu zake.